Maji ya bahari kwenye tangi la samaki wa Zuhura

Jumanne, baada ya isha

Samaki bado amelala ubavu chini kwenye bakuli, anahema. Binti yangu Zuhura alimleta jana kutoka Dar, samaki mwekundu, mdogo kama kidole, kwa sababu daktari amenitaka nipunguze hasira. Eti nikimtazama nitatulia.

Maji ya bomba niliyalaza kwenye ndoo ili dawa ya klorini itoke, asubuhi nikayatia kwenye tangi. Niliporudi kutoka kuswali alasiri nikakuta dada yangu Somoe ameyamwaga, amejaza ya bahari.

"Huyu ni wa maji baridi, si ya chumvi, Somoe!"

"Acha hizo, kaka. Samaki gani asiyejua bahari? Na vitabu vyako vyote hivyo!"

Ndoo aliibeba kichwani kutoka pwani, na goti lake lile bovu. Mimi ninayegombana na wakubwa magazetini kila wiki, niliishia kutafuta bakuli. Nikalijaza maji ya mtungi, nikamhamishia samaki humo.

Nimechoka. Akifa, Somoe hatajisamehe, na mimi...

Sasa hivi samaki amepanda juu, amevuta hewa, ameshuka.

"Yu hai?" Somoe kauliza kutoka chumbani. Nilidhani amelala.

Nimemwambia yu hai, na kwamba maji yake ya bahari yalimchangamsha.