Korija ya Baba

Dada yangu,

Banda la miti tumeliezeka upya, halivuji tena. Unakumbuka Baba alivyodai korija ni ishirini kwa sababu ati wauza miti wa zamani walihesabu vidole vya mikono, wakamalizia vya miguu? Mwezi uliopita alikatwa mguu wa kushoto, sababu ya sukari. Alinikataza nisikwambie. Nisamehe.

Leo karudi bandani na magongo yake. Mteja akaagiza korija moja ya miti. Baba akahesabu vidole vyake kwa mbwembwe zilezile, akafika kumi na tano, vidole vikamwishia. Kisha akanivua kandambili. "Lete na wako," akasema. "Korija yangu haipungui."

Nikasimama kwa mguu mmoja mpaka akafika ishirini.

Kitindamimba wenu