Mpwa Wangu Anataka Kung'oa Injini ya Land Rover

Mama mshauri, pokea salamu kutoka Maruku. Sijawahi kuandikia gazeti, na mwandiko wangu utausamehe kwa sababu nina miaka sitini na tisa, na nakuomba unijibu kabla ya Novemba kwa sababu mwezi huo tuna misa ya marehemu dada yangu na nimeambiwa nisimame nizungumze.

Jambo lenyewe ni gari. Nina Land Rover la petroli alilolinunua marehemu baba kwa hela ya kahawa, na wakati wa vita vya Kagera serikali ililichukua kwenda mpakani pamoja na mimi dereva wake, tukarudi wote wawili, lenyewe halina bampa na mimi sikio la kushoto halisikii. Vita vilipokwisha ukaja ule ugonjwa tuliouita silimu, yaani UKIMWI, na gari likawa la kubeba maiti, kwa sababu kwetu mtu haachwi ugenini, anarudishwa kuzikwa kwenye kibanja chao katikati ya migomba, basi kila wiki nilikuwa naitwa, mara bandarini kupokea maiti iliyokuja na meli kutoka Mwanza, mara hospitali, mara Mutukula, na maiti sikukataa hata moja, wazee walikuwa wakivua kofia nikipita, na hadi leo nikienda kunywa rubisi kuna kiti kinaachwa wazi kwa ajili yangu.

Sasa huyu mpwa wangu Adventina, mtoto wa marehemu dada yangu Getruda, ambaye nimemlea tangu akiwa na miaka tisa, alianza maisha kisiwani Bumbire akikausha dagaa wa wavuvi waliotoka kila pembe ya ziwa, na leo ananunua samaki karibu Muleba nzima na amejenga Kahororo. Mwaka huu amenijia na mafundi wawili wa Mwanza, wakafungua boneti, wakapimapima, wakaniambia injini inang'olewa, tangi linang'olewa, yanaingizwa mabetri, na gari litachajiwa kwa sola zitakazofungwa juu ya bati la zahanati, halafu liwe la kijiji, la kupeleka wagonjwa na wajawazito hospitali bila mtu kulipa, na ubavuni liandikwe jina la mama yake.

Nilikataa. Ukoo ukaitwa nyumbani kwangu, tukabishana Jumapili nzima mpaka chakula kikapoa, mimi na binamu yangu Mushumbusi tukiwa upande wa petroli na vijana wote wakiwa upande wa umeme. Mushumbusi alisema gari lisilonguruma litamaliza mbuzi wa Maruku kwa sababu hawatalisikia likija, watu wakacheka. Adventina hakucheka, alisema bei ya petroli inapanda kila ukigeuka na jua halimtumii mtu ankara. Mimi nikasema jua gani, masika yetu unaweza kukaa wiki nzima hujaliona, umeme nao unakatika unavyotaka, na hayo mabetri yakifa nani atayatengeneza, mimi injini yangu naifungua nimefumba macho. Kisha nikasema neno ambalo nalijutia. Nikasema, "Chaji ikiisha pale mlimani, mgonjwa wenu atafia njiani."

Adventina akaniangalia. Akasema polepole, bila hasira, "Waitu mjomba, mama yangu alifia njiani, na gari lilikuwa la petroli."

Mama mshauri, niliinuka nikaenda nyuma ya migomba nikijifanya naenda haja, nikasimama huko mpaka wakaanza kuniita.

Naomba sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu isipokuwa padri. Mwaka 1989 Getruda alirudi kwa wazazi wetu baada ya mume wake kufa, naye alikuwa amekwishakonda, na asubuhi moja alizidiwa, mama yetu akaja kwangu miguu peku akisema nimpeleke Bukoba hospitali, nami nikamjibu mafuta hakuna. Alinikubalia bila kuuliza, maana siku zile petroli ilikuwa ya kibali na mtu aliweza kukaa mwezi mzima gari limesimama. Lakini mafuta yalikuwepo, debe zima, chini ya magunia ya kahawa, niliyapata jana yake kwa kibali cha kwenda kupokea maiti ya mzee Kagaruki iliyokuwa inakuja na meli kesho yake asubuhi. Mke wangu Paskazia alikuwa amesema Getruda asikae kwenye kiti wanachokalia watoto wetu, na mimi mwenyewe niliogopa, maiti inakaa nyuma kwenye sanduku, mgonjwa angekaa mbele ubavuni mwangu akinikoholea njia nzima, tulikuwa hatujui, wengine walisema hata jasho linaambukiza. Basi wakampakia kwenye baiskeli, wanaume wawili wakisukuma, mama amemshika mgongoni, Adventina anafuata na blanketi kichwani, na akakata roho kwenye mteremko kabla hawajauona mji.

Habari zilinifikia saa sita mchana. Nikamimina mafuta nikaenda kumchukua.

Nilimleta nyumbani kwa heshima zote, mwendo wa taratibu, na watu walinishika mkono wakaniambia nimemtendea dada yangu vizuri. Kesho yake nikaenda bandarini kumchukua mzee Kagaruki kwa mafuta yaliyobaki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yametoka wapi. Mama yetu amekufa, Paskazia amekufa, wale waliosukuma baiskeli wamekufa wote wawili kwa ugonjwa uleule, nimebaki mimi ninayejua.

Kwenye misa Adventina anataka niseme maneno machache kuhusu mama yake na nikabidhi funguo mbele ya watu. Ninachouliza ni hiki, je, haya magari ya umeme ni ya kuaminika kweli, au nishikilie msimamo wangu? Na pia, je, si afadhali nimpe gari nikae kimya, iwe ndiyo malipizi yangu, kuliko kumwumiza mtoto niliyemlea kwa jambo la miaka thelathini na tano iliyopita ambalo padri alikwishaniondolea? Nisaidie, silali.

Mjomba mtu, Maruku

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba, tuanze na gari, kwa sababu ndilo rahisi.

Gari la betri linapanda mlima bila shida. Hoja yako ya masika ni ya kweli na usiidharau kwa kuwa tu umeisema wewe: sola peke yake itawaangusha mvua ikinyesha mfululizo. Mwambie Adventina waweke na njia ya kuchaji kwa umeme wa nyumbani, wamfundishe fundi mmoja wa hapohapo Maruku, na kabla ya mgonjwa yeyote kupakiwa, gari lijazwe watu wazima sita liende Bukoba na kurudi, mlione. Mushumbusi naye mwambieni wafunge kengele kwa ajili ya mbuzi wake. Mabishano yenu yamekwisha, na hayakuhitaji Jumapili nzima. Yalichukua Jumapili nzima kwa sababu wewe hukuwa unatetea injini.

Sasa tuzungumze.

Sitakuhukumu kwa kuogopa. Mimi pia ni mtoto wa Kagera, na kaka yangu alikuwa na sahani yake na kikombe chake ambavyo mtu mwingine hakuvigusa mpaka siku tulipomzika. Mimi ndiye niliyevitenga, na nilikuwa nimesoma. Woga ule ulitukamata wote, wenye elimu na wasio nayo.

Lakini usijifiche nyuma ya "tulikuwa hatujui". Ulijua kwamba debe lipo. Unasema angekaa mbele ubavuni mwako. Kwa nini mbele? Nyuma ya Land Rover palipotosha sanduku la maiti palitosha godoro na mama yako ameketi pembeni. Ungeweza kuogopa na bado ukampeleka. Na Paskazia mwache apumzike, aliyeshika usukani hakuwa yeye. Wala usijipoze kwamba hospitali isingemponya. Huenda ni kweli, dawa hazikuwepo. Angekufa kitandani, amefunikwa, si juu ya keria ya baiskeli mbele ya mwanawe.

Tena unaniambia umebaki peke yako unayejua. Hebu fikiri, mzee wangu. Asubuhi ile mtoto wa miaka tisa aliambiwa gari halina mafuta. Mchana, amekaa barabarani na maiti ya mama yake, aliliona gari lilelile linateremka na wewe ndani. Unadhani hajawahi kujiuliza? Huyu ni mtu aliyeanza na mkeka wa dagaa Bumbire akafika alipo, si mtu wa kupitwa na jambo. Soma tena maneno yake uliyoniandikia. Hakusema mama alikufa kwa kukosa petroli. Alisema gari lilikuwa la petroli, na akakuangalia. Halafu akakuomba usimame kanisani uzungumze.

Huenda nimekosea, na hajui kitu. Haibadilishi wajibu wako. Kama hajui, umemwacha ajenge maisha yake yote juu ya uongo, na sasa anataka kutoa injini ili asije mtoto mwingine akaambiwa maneno aliyoambiwa yeye. Kama anajua, basi amekula mezani kwako, amekuita mjomba, amekusubiri miaka thelathini na tano, na wewe umekuwa ukimsimulia habari za bampa lililopotea vitani.

Padri alikuondolea dhambi yako mbele ya Mungu, na mimi siingilii kazi yake. Adventina hakuwepo pale. Hilo la kumpa gari ukanyamaza usiliite malipizi. Malipizi yanamgharimu anayeyatoa, na gari unalotaka kulitoa mbele ya kanisa zima litakupatia kiti kingine cha kukaliwa na wewe peke yako.

Fanya hivi. Nenda Kahororo wiki hii, mchana, peke yako, bila Mushumbusi na bila mkungu wa ndizi begani. Kadi ya gari na funguo viwe mfukoni. Akikukaribisha chai usinywe kwanza. Mwambie: "Mafuta yalikuwepo. Nilimdanganya bibi yako." Anza na hayo, usianze na vita, usianze na idadi ya maiti ulizozibeba, usianze na jinsi ulivyomsomesha. Kisha nyamaza. Usilie kabla yake, maana ukilia yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na hiyo si kazi yake. Msamaha usiuombe siku hiyo. Ukiuomba unamharakisha, na wewe hukuwa na haraka.

Kadi na funguo viache mezani vyovyote atakavyosema, hata akikufukuza. Jina la kuandika ubavuni ataamua yeye. Kwenye misa, akitaka uzungumze, sema analotaka useme. Akitaka usizungumze, kaa benchi la nyuma, imba na wenzako, rudi nyumbani kwa miguu.

Kuna swali moja atakalokuuliza, leo au baada ya mwaka, nami nataka likukute umejiandaa. Atakuuliza kwa nini mama yake alipokuwa hai gari halikuwa na mafuta, na alipokufa likawa nayo. Usimjibu kwamba ilikuwa heshima kwa dada yako. Mjibu kwamba ukileta maiti watu walikuvulia kofia, na ukileta mgonjwa wa silimu wangekukimbia, nawe ulichagua kofia.