Kitanda Kilichokatwa Timau

Mwenda mjukuu wangu,

Hapa Kaaga tuko salama. Magoti bado yananisumbua, na ng'ombe amezaa ndama dume. Nakusalimu wewe na mkeo Kendi huko Nairobi.

Umenitumia mchoro wa kijumba cha chumba kimoja unachotaka kujenga Ruiri, bila stima, ukauliza kama watu wawili wanaweza kuishi humo. Wanaweza. Mimi na babu yako tulianza maisha Timau katika chumba cha mbao, tukiwa na taa ya mafuta na pipa la kukinga maji ya paa. Giza na baridi tulivizoea.

Siku moja mama mkwe wangu alitutembelea, mvua ikinyesha. Kitanda kilikuwa kimejaza chumba, na unajua mzazi hakalii kitanda cha mwanawe aliyeoa. Akabaki mlangoni, akilowa.

"Mama, ingia," nikamwambia.

"Niingie nikae wapi?"

Babu yako akajaribu kukitoa kitanda. Alikuwa amekiundia humo humo ndani, kwa hivyo hakikupita mlangoni. Akachukua msumeno, akakikata katikati, akavitoa vipande nje. Mama akaketi kwenye kigoda, akanywa uji wake, akasema, "Sasa hili ni boma."

Tulilala sakafuni hadi ngano ikavunwa, tukapata pesa za kitanda kingine.

Mchoro wako nimeutazama vizuri. Sola nimeiona, tangi la maji nimeliona. Kigoda changu sijakiona.

Ni mimi nyanya yako.