Makofi Yale Hayakuwa Ndiyo

Jumanne, alasiri. Mvua imeanza saa sita na bado haijachoka.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kabla ya yote: usimwambie mtu. Usinakili, usipige picha ya skrini, usimtumie rafiki yako anayefanya kazi kwenye ofisi za kule chini karibu na ziwa. Najua ni upuuzi kuandika siri mahali ambapo kila mwenye simu anaweza kufika. Lakini ukurasa huu una wasomaji wachache, hakuna hata mmoja anayejua jina langu, na watu ninaowataja nimewabadilishia majina. Halafu sina mtu mwingine. Chumba ninachopanga hapa Kadutu, mjini Bukavu, kina kitanda, ndoo mbili na ukuta ambao nyuma yake jirani anakohoa. Mama yuko Uvira, anamsaidia dada yangu aliyejifungua. Nikimpigia ataniuliza kama nimekula. Nitasema ndiyo, na atajua kwamba nadanganya.

Kwa hiyo ni wewe.

Nimefanya jambo baya, na nimelifanya kwa sentensi moja.

Huu ni mwezi wa nne nikiwa kwenye mafunzo ya kazi katika mradi unaotafuta fedha za kulinda bioanuwai ya nchi yetu: misitu, vinamasi, ndege, hata vyura. Siku nilipopata nafasi hiyo nilimshukuru Mungu kwa sauti njiani, watu wakanigeukia. Kazi yenyewe ni ya karani. Napiga mihuri, napanga kurasa, natoa nakala, naandika kumbukumbu za mikutano. Meza yangu iko kando ya mashine ya kunakili. Siku za baridi kama leo nasogeza kiti kuielekea, kwa sababu ikifanya kazi inatoa joto.

Wenzangu si watu wabaya. Wengi wametoka Kinshasa, wanataniana kwa Kilingala, na saa sita wanatoka pamoja kwenda kula. Hakuna aliyenikataza kuwafuata. Hakuna aliyeniita pia. Wananiita "stajiere", yaani mwanagenzi, basi. Mlinzi wa mlangoni ananisalimia vizuri kila asubuhi, lakini jina langu halijui naye.

Wiki tatu zilizopita walihitaji mtu wa kutafsiri, mtoto wa hapa anayejua Kimashi na Kiswahili cha vilimani, wakanikumbuka. Tulikwenda upande wa Mumosho, kwenye kijiji kimoja chenye bonde la kinamasi. Matete yamejaa humo, na ndani ya matete wanalala korongo wenye shungi la dhahabu, ambao sasa wamebaki wachache. Mradi unataka bonde hilo lilindwe. Sharti ni moja: wakazi wakubali wenyewe, na kukubali kwao kuandikwe.

Dereva wetu, Papa Deo, alinitania njia nzima.

"Stajiere, leo watakulipa mukungu ya ndizi. Ukiipata, nusu iko yangu, sababu ni gari yangu njo inabeba."

Ofisi nzima ni yeye peke yake anayenitania. Sijawahi kupata la kumjibu. Ninacheka tu, tena kwa kuchelewa.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Shefu wangu, mkuu wa mradi, nitamwita Madame Odette, alizungumza Kifaransa, mimi nikatafsiri. Alieleza kwa uaminifu: bonde likilindwa, hakuna kulima ndani yake, hakuna kukata matete. Niliposema hilo la matete niliwaona wanawake wa nyuma wakitazamana. Kijiji kile kinasuka mikeka.

Mwishoni alisimama mama mmoja mzee, ameshika mkeka aliousuka mwenyewe, wenye mstari mwekundu mmoja pembeni. Jina lake sitaliandika, hata la uongo. Wakati huohuo simu ya Madame ililia, naye akatoka kuipokea barazani. Mama yule hakujali. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe binti, uko mutoto ya nani?"

Nikamtaja marehemu baba, na kilima chetu cha kule Walungu.

"Na wewe jina yako?"

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, polepole. Nilitazama chini, kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha. Ilikuwa miezi tangu nisikie jina langu kutoka kinywani mwa mtu aliyesimama mbele yangu.

"Basi ubaambie hivi," akasema. "Tumesikia. Lakini banamuke benye kukataka matete, leo bengi beko ku soko. Hatuwezi jibu bila beye. Mutupatie siku tubaulize, kisha tutatuma jibu."

Halafu tukainuka, na darasa zima likapiga makofi. Si makofi ya uwanja wa mpira. Haya ni ya viganja vilivyokunjwa kidogo, taratibu, kichwa kimeinama. Ni namna wazee wa kwetu wanavyomuaga mgeni wanayemheshimu, hata kama hawajakubaliana naye jambo lolote. Bibi yangu alikuwa akimpigia hivyo hata mtu wa kodi.

Madame alirudi ndani yakiwa yanaendelea. Uso wake ulifunguka kwa furaha.

Ndani ya gari akaniuliza, "Yule mama alisema nini?"

"Alisema wamesikia, madame..."

"Na wamepiga makofi wote! Kwa hiyo wamekubali?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na nafasi ya sekunde tatu, labda nne. Nikasema, "Wamepiga makofi, madame."

Ni kweli walipiga. Ndiyo maana niliweza kulisema bila sauti kutetemeka.

"Vizuri sana. Andika: limekubaliwa kwa makofi."

Nikaandika, kwa Kifaransa kizuri. Madame alisoma, akasema, "Unaandika vizuri, wewe." Nitakiri hapa: nililala na sentensi hiyo siku tatu kama mtu aliyepewa blanketi.

Leo asubuhi faili lililetwa mezani kwangu nilipige mihuri. Ijumaa linakwenda Kinshasa, kamati ikae, fedha zitoke, walinzi waajiriwe, vigingi visimikwe kuzunguka bonde. Mwanamke atakayeshuka na panga kukata matete atakuwa mhalifu, na karatasi itamwambia kwamba alikubali. Nilifika ukurasa wenye sentensi yangu, mkono ukasimama.

Papa Deo alikuwa amekuja kunakili karatasi zake za safari. Akasoma juu ya bega langu.

"Kumbe balikubali? Lini? Mimi nilikuwa ku mulango, nilisikia ule mama anaomba siku."

"Walipiga makofi, papa."

Akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati.

"Stajiere! Mushi muzima, mwenye kusema Kimashi, unaniambia mimi hivyo? Hata mbuzi ya kwetu inajua ile makofi iko ya kuaga."

Akachukua karatasi zake akaenda. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Nilikaa. Nilifikiria cheti changu cha mafunzo, ambacho Madame atakisaini mwisho wa mwezi. Nilifikiria nafasi moja ya karani wanayoizungumzia ukumbini. Nilifikiria mama akiwaeleza majirani wa dada kwamba mtoto wake yuko ofisi kubwa. Kisha, bila kupenda, nikamsikia yule mama mzee akilirudia jina langu mara mbili.

Nilichukua karatasi nyeupe. Nikaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, bila kukinyoosha, na tafsiri chini. Nikaeleza makofi yale ni ya nini. Nikaandika kwamba kosa ni langu, nikasaini. Nikasimama mbele ya mlango wa Madame, nikarudi mezani, nikaenda tena, nikarudi. Mara ya tatu nikabisha.

Alisoma mpaka mwisho, akaanza upya.

"Kwa nini hukuniambia ndani ya gari?"

"Niliogopa, madame."

"Uliniogopa mimi?"

Akavua miwani. Bila miwani anaonekana mtu aliyechoka tu.

"Unajua nikiweka karatasi hii, bonde linaweza kutoka kwenye orodha? Na wale ndege nani atawalinda?"

"Hawakusema hapana, madame. Waliomba siku."

"Wala hawakusema ndiyo."

"Wala hawakusema ndiyo."

Mvua ilikuwa imeanza. Akainuka, akafunga dirisha.

"Jibu lao likinifikia kabla ya Ijumaa, ndiyo au hapana, litaingia kwenye faili," akasema mwishoni. "Lisiponifikia, sijui nitafanya nini. Kweli sijui. Na wewe, habari ya cheti tutaizungumza baadaye. Funga mlango."

Nilifunga. Nikarudi mezani kupiga mihuri ya faili nyingine hadi saa tisa.

Nimepiga simu ya mwalimu wa ile shule mara saba. Haipatikani. Wiki tatu hizi kijiji kinangoja kupewa siku walizoomba, na hakuna aliyewajibu. Papa Deo wamempeleka Uvira hadi Jumamosi. Ningekuwa nimezoea kumjibu utani wake, labda leo ningekuwa na namba yake, anielekeze mtu wa kumtuma. Kutoka kazini siku ya kazi siruhusiwi, na baada ya leo siwezi kuomba. Nimekaa kitandani na simu yenye chaji kidogo. Katika mji huu wote uliojaa watu mpaka kwenye miteremko, sina mtu wa kumtuma.

Ni wewe tena.

Nilikuomba usimwambie mtu. Sasa nakuomba umwambie mmoja. Kama una ndugu upande wa Mumosho, mwulize nani anasuka mikeka yenye mstari mwekundu mmoja tu, pembeni. Kila mtu wa kule atakuelekeza kwake. Mwambie binti wa Walungu aliyemtafsiria hakufikisha maneno yake, na sasa ameyafikisha. Mwambie awaulize wanawake wa matete leo au kesho, na jibu lao, lolote lile, aje nalo Bukavu kabla ya Ijumaa.

Anuani iko kwenye karatasi yenye mhuri tuliyowaachia darasani. Akifika asiulize mradi, asiulize shefu. Aniulize mimi, kwa jina. Jina langu analo. Mlinzi atamwambia hamjui mtu wa namna hiyo. Asiondoke. Amwambie ni yule stajiere wa kando ya mashine ya kunakili, na amtajie tena jina, mara mbili, kama alivyofanya siku ile.

Nitashuka mwenyewe kumpokea.