Ummy, Shaibu Hafungwi Tena

Mwaka umetimia leo, mdogo wetu Ummy binti Mbaruku, tangu malaria ikuchukue kwa siku tatu tu, Machi 14, 1998, ukatuacha hapa nyumbani Kariakoo tumeduwaa. Ninayeandika ni mimi dada yako, Mgeni. Najua ungenicheka: mimi na kalamu wapi na wapi!

Tunakumbuka ulivyorudi kutoka shule uliyofundisha, viatu mkononi kwa mvua, ukimwamkia Mama kabla hata ya kuvua baibui. Chai yako ilikuwa lazima iwe na iliki, na kikombe ukakiacha popote. Mpaka leo tunaviokota vikombe vyako juu ya kabati.

Ulipotuambia unasoma shahada ya uzamili kwa posta, chuo cha ng'ambo, tena uchambuzi wa tabia, nilicheka mpaka majirani wakachungulia. "We Ummy, tabia nayo ina shahada?" Ukanijibu taratibu, "Namsomea Shaibu, dada."

Shaibu ni kitinda mimba wetu, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, hajawahi kusema neno. Alikuwa akipiga mayowe na kugonga kichwa ukutani mpaka damu. Tulimfukiza ubani, tukampeleka kwa waganga, na tulipotoka kwenda sokoni tulimfunga mguu kitandani kwa kanga. Tulimpenda, wallahi. Hatukujua la kufanya.

Wewe ukanunua daftari, ukalichora safu tatu: nini kimetangulia, Shaibu amefanya nini, sisi tukafanya nini. Wiki mbili uliandika. Ijumaa moja baada ya kula ukatusomea. Kila Mzee Ravindra wa duka la chini alipojaribu redio zake, Shaibu aligonga kichwa. Na kila alipogonga kichwa, Mama alimpa kashata anyamaze.

Mama akaruka. "Sasa nimwache mwanangu ajipasue?"

"Hapana, Mama. Ulimpa kwa huruma, na mimi nimempa pia. Ila tumemfundisha kwamba kashata inaombwa kwa kichwa."

Mama alilia. Mimi, nisikufiche, nilikasirika. Niliona umesoma ili uje utuumbue.

Hukujibizana na mimi. Ulikaa na Shaibu miezi mitano, kila siku baada ya kazi, ukimfundisha kupiga kiganja cha mtu mara mbili akizidiwa. Akipiga, hapo hapo tumpeleke chumba cha nyuma kwenye utulivu, apate na kashata yake. Ukashuka pia kwa Mzee Ravindra. Akalalamika, "Binti yangu, siku hizi kila mlango Msimbazi ni duka la redio. Yangu isipolia nani atanunua?" Lakini baada ya wiki akawa anapanda ngazi kwanza, anapiga hodi, "Nawasha sasa!" Siku uliyomfungua Shaibu mguu, ile kanga ukaifua, ukaikunja, ukaiweka kabatini.

Sasa nina la kukiri, na wasomaji wasikie. Siku ya msiba wako nyumba ilijaa, vilio kila kona, Shaibu akaanza kuyumbayumba. Niliona aibu ya watu. Nikaitoa ile kanga kabatini, nikamfunga. Ni mimi, si mwingine.

Hakupiga mayowe. Hakugonga kichwa. Alinishika mkono, akaufungua, akakipiga kiganja changu mara mbili, akanitazama akingoja.

Ummy, nililia kuliko nilivyolia jeneza lako lilipotoka. Nikamfungua, nikaenda kukaa naye chumba cha nyuma. Wageni wakaniulizia, nikasema waambieni nipo na mdogo wangu.

Jioni ile nililichukua daftari lako, nikajaza mstari mmoja kwa mwandiko wangu huu mbovu. Nini kimetangulia: Ummy ametutoka. Shaibu amefanya nini: ameomba. Sisi tukafanya nini: Mgeni amemfunga, kisha amemsikia.

Ile kanga nimeikata vipande. Tunaepulia sufuria.

Unakumbukwa na mama yako, Bi. Zena, dada yako Mgeni na shemeji yako Sadalla, kaka yako Twaha na mkewe Sophia, jirani zako Mzee Ravindra na mkewe Jasvanti, walimu wenzako na wanafunzi wako, na Shaibu, ambaye mlango ukigongwa jioni bado anakwenda kuutazama.

Mwenyezi Mungu akurehemu, mdogo wangu. Kila akinipiga kiganja, nakukumbuka.