Kola ya marehemu

Zawadi we, bwana wangu Sudi ametumaliza. Amepandisha sistemu mpya kwa ile ordinateri ya zamani ya broderi, ile kompyuta inayoendesha mashini ya kutarizi.

Fundi wa Muyinga alimwambia kwa simu, "Usiiguse, sistemu mpya haitaijua mashini yako." Sudi akasema sawa. Alisema sawa, nilimsikia na masikio yangu. Halafu ordinateri ikaandika kwamba haiko tena na ulinzi, akaogopa, akabonyeza ndiyo.

Sasa programu ya broderi haifunguki. Michoro yote ya kola ya marehemu baba yake iko mule, haiko fasi ingine. Kanzu za harusi ya kesho ziko hapa kwetu Yoba, shingo tupu, bila broderi.

Ametoa kanzu ya mwisho aliyoishona baba yake, anataka kuifumua kola ahesabu nyuzi, aichore upya.

 Mama mkwe wangu amemletea mkasi.