Mstari wa Nne

Koboko,
Tarehe 8 Julai

Kwa kaka yangu mpendwa Nasuru,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena ukipanda ngazi za dukani. Mimi ni mzima wa mwili. Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningejibu uongo tena. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Tangu mume wangu Igga aanguke kazini kule mpakani Oraba na asiinuke, nakaa ndani ya lango kama mjane anavyotakiwa, na siku zangu nazipanga kama alivyozipanga zake. Unamkumbuka: miaka yote ile ya kushughulikia makaratasi ya malori mpakani, hakutoka nyumbani bila kikaratasi kwenye mfuko wa shati, kazi za siku zimeandikwa mstari kwa mstari. Akimaliza moja, anaikata. Nilikuwa nikimcheka, nikimwambia ipo siku ataandika "kupumua". Sasa mimi ndiye ninayeandika. Kufagia ua. Kuloweka maharage. Kupepeta simsim. Kufua shuka. Nikimaliza napitisha mstari, na kwa muda mfupi kifua kinatulia, kisha natafuta inayofuata. Siku nyingine naandika kazi niliyokwisha kuifanya, ili tu niikate. Ua wangu haujawahi kuwa safi hivi, nadhani hata kuku wanaona haya kuuchafua.

Watu wananisifu. Jirani yangu Viktoria, yule wa kwaya ya kanisani, huja kila adhuhuri kunitazama na kusema dini yetu iko nguvu sana, kwao matanga yakiisha mtu anarudi sokoni. Anasema nimepiga moyo konde. Mimi sijapiga chochote, kaka. Nimekufa ganzi. Sikulia walipomleta, sikulia mlipokwenda kumzika, na wewe uliporudi ulinishika bega ukingoja nilie hadi mkono ukakuchoka. Nilikuona. Sikuwa na cha kukupa.

Hamuza wa bodaboda naye husimama langoni kila asubuhi, haingii, anauliza, "Mama, leo kazi iko?" Namtuma chumvi, namtuma sabuni. Jambo moja tu nimekataa kumtuma, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilikudanganya. Nilikwambia shehe amesema nizilipe siku nilizotoka kwenda kung'oa jino, na kwamba miezi yangu minne na siku kumi za eda zimeongezwa hadi mwisho wa mwezi huu. Ukakasirika, ukasema shehe huyo ni mkali kupita kiasi, ukaliahirisha gari la kunichukua nije kukaa kwenu Arua. Shehe hakusema hivyo. Alisema kutoka kwa dharura hakuna neno, siku zangu zimetimia, nioge, nivae nipendacho, nitoke. Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Niko huru na sitoki. Unisamehe, na ukikutana naye usimwambie neno baya, hana kosa.

Sababu ni hii. Siku walipomleta Igga, mwenzake wa kazi, Ladu, alinipa kikaratasi kilichokuwa mfukoni mwa marehemu. Kina mistari minne. Mitatu ameikata. Wa nne, kwa mwandiko wake, unasema: Viatu vya Rashida kwa Dramadri. Ni zile sandali zangu za ngozi alizozipeleka kwa fundi zitiwe soli mpya. Ziko huko mpaka leo. Dramadri ametuma habari mara mbili kwamba ziko tayari. Hamuza alitaka kuniletea, nikamfokea, maskini. Nikizichukua, kaka, itabidi niukate mstari huo, na Igga hatakuwa na kazi iliyobaki duniani. Kwa hiyo kila asubuhi naandika kazi zangu kumi na mbili na kuzimaliza zote, ili jioni niweze kusema kwamba sikupata nafasi ya kutoka.

Leo nimeandika jambo moja tu. Barua hii simpi Hamuza. Naipeleka mwenyewe kwenye kituo cha magari ya Arua, na kibanda cha Dramadri kiko mkabala na hapo. Kikaratasi cha Igga nakitia ndani ya bahasha. Utazame mstari wa nne. Kama umekatwa, nitumie gari Jumamosi. Kama haujakatwa, njoo wewe mwenyewe, unishike mkono hadi kwa fundi.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na shangazi umwambie simsim yake nimekwisha kuipepeta na kuikaanga. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Rashida

Naongeza haya nikiwa kituoni, kondakta ananisubiri. Sandali zinanibana. Dramadri anasema, "Ngozi iko hivyo, ikikaa sana inakauka." Nimezivaa pale pale kwenye benchi lake, nikamwomba kalamu, nikaukata mstari. Kisha nikalia hadi akaweka nyundo chini, akaenda kusimama nje. Tuma gari.